Nuru Haba, Kiza Kingi: Picha ya Kuuawa kwa Nabii Yahya Kisiwani Malta

Pana picha moja katika kisiwa cha Malta ambayo Mwislamu wa pwani aisikiapo habari yake hupatwa na mambo mawili kwa pamoja: shauku na wasiwasi. Shauku, kwa kuwa wajuzi wengi wa sanaa huihesabu kuwa miongoni mwa kazi kubwa kabisa zilizopata kufanywa kwa rangi ya mafuta. Wasiwasi, kwa kuwa aliyechorwa humo, kalazwa chini, mikono imefungwa nyuma na shingo imekwisha kupigwa upanga, ni Nabii Yahya bin Zakaria, alayhi salaam, ambaye ndugu zetu Wakristo humwita Yohana Mbatizaji.

Picha hiyo ilichorwa mwaka 1608 na Mtaliana aitwaye Michelangelo Merisi, ambaye dunia yamjua zaidi kwa jina la mji wa wazee wake, Caravaggio. Upana wake wapata mita 5.2 na kimo chake mita 3.6 hivi, yaani ni kubwa kuliko ukuta wa vyumba vingi tulalavyo. Mpaka leo imetundikwa katika chumba kile kile ilichochorewa, chumba cha ibada kilicho ubavuni mwa kanisa kuu la Mtakatifu Yohana mjini Valletta. Miaka ya mwisho ya 1990 ilipelekwa Italia ikasafishwa na kutengenezwa, kisha ikarejeshwa pale pale.

Najua kwamba kabla sijafika mbali yupo msomaji atakayeliweka gazeti chini aulize: Je, Mwislamu ana haja gani na picha ya kanisani, tena picha ya Mtume? Suali hili ni la haki na haifai kulipita kando. Sisi tuliolelewa vyuoni tulifundishwa tangu udogoni kwamba sura za Mitume hazichorwi. Si kwa kuwa hatuwapendi, bali ni kwa kuzichelea heshima zao, isije kalamu ya binadamu ikamfanya Nabii kuwa mtu yeyote wa njiani, au ikaja siku watu wakaiinamia karatasi badala ya kumwinamia Mola wao. Msimamo huo mimi ningali nao, na makala haya hayakuja kuutengua. Simwombi mtu aitundike picha hii sebuleni kwake. Nimekuja kueleza kazi ya mtu mmoja na zama zake, na jambo alilolisema kwa kiza na nuru, ambalo hata sisi tusiochora twaweza kulisoma. Mtu husikiliza kisa cha jirani pasi na kuhamia nyumbani kwake.

YAONEKANAYO

Na tuanze na yale yaonekanayo. Mahali ni uani mwa gereza. Nyuma pana lango kubwa la upinde na ukuta mpana wa rangi ya udongo. Nuru yatoka juu upande wa kushoto, nayo ni nuru haba, kama ile ipenyayo katika nyumba ya mawe yenye kidirisha kimoja. Nuru hiyo haikugawanywa sawasawa. Imeangukia bega, mgongo, mkono na uso, na palipobaki pote pameachiwa kiza.

Nabii yuko chini, kifudifudi, na nguo nyekundu imemfunika. Upanga umekwisha fanya kazi yake, nao umelala ardhini kando. Lakini kazi haikwisha. Juu yake ameinama mkata vichwa, mwanamume mwenye misuli ya hamali wa bandarini, kifua wazi. Kwa mkono wa kushoto amezikamata nywele za Nabii, na kwa mkono wa kulia anapapasa nyuma ya kiuno chake kuchomoa kisu amalizie. Kando yake yuko mkuu wa gereza, funguo zinaning'inia mshipini, naye ananyoosha kidole chini kwenye beseni la rangi ya dhahabu alilolishika msichana aliyeinama. Kidole hicho chasema: kitie humu. Katikati yao yupo mwanamke mzee aliyejishika kichwa kwa mikono miwili. Yeye peke yake katika watu wale wanne waliosimama ndiye anayeonekana kutambua kwamba jambo kubwa lafanyika.

Hesabu yangu ya wanne yamchanganya mtu mmoja ambaye huwezi kumsahau ukisha kumwona vizuri, nami nitamrudia hapa chini. Kwa sasa nasema tu kwamba wanne hao ni wale wa kushoto, na macho mengine yako kule kulia. Maana upande wa kulia wa picha, karibu nusu nzima, ni ukuta mtupu. Pana kamba inayoning'inia katika pete ya chuma, na pana dirisha la nondo. Dirishani wafungwa wawili wamezisogeza nyuso zao, wanachungulia. Mmoja amenyoosha shingo apate kuona zaidi.

Hapana malaika anayeshuka, wala mbingu iliyofunguka. Mchoraji mwingine wa zama zile angeujaza ukuta ule mawingu na nyimbo. Huyu aliuacha mtupu, na utupu huo ndio unaomfanya mtazamaji asikie kimya cha mahali pale.

UFUNDI WA KIZA

Wataliana wanao msamiati wa ufundi huu. Huuita kiaroskuro, yaani nuru na kiza katika neno moja. Caravaggio hakuwa wa kwanza kuutumia, lakini aliuzidisha mpaka ukawa kama kitu kipya, na wachoraji wa Italia, Hispania, Ufaransa na Uholanzi wakamfuata. Zama zake wanahistoria wa sanaa huziita zama za Baroki, zilizoanza karibu na mwaka 1600.

Rangi ya mafuta yenyewe si kitu cha ajabu. Ni unga uliosagwa wa udongo mwekundu, udongo wa manjano, risasi nyeupe, masizi na mfano wa hayo, ukachanganywa na mafuta ya mbegu za kitani. Ajabu yake ni katika kukauka. Rangi ya maji hukauka maji yakiondoka, lakini mafuta haya hushikana na hewa polepole mpaka yakawa kama ngozi. Kwa sababu hiyo fundi hana haraka. Aweza kulainisha mpaka wa nuru na kivuli, akapaka tabaka nyembamba juu ya tabaka nyingine, na kivuli kikapata kina kama cha kisima. Mchoraji wa ukutani apakaye juu ya chokaa mbichi hana nafasi hiyo. Chokaa ikikauka imekwisha.

Caravaggio alichukua kitambaa kigumu, ambacho ni ndugu wa tanga la jahazi, akakipaka kwanza rangi ya hudhurungi iliyokoza. Basi alianza na kiza. Wengine walikuwa wakianza na weupe kisha wakaongeza vivuli. Yeye alianza na usiku kisha akaiita nuru ije mahali alipotaka. Katika picha hii ya Malta sehemu nyingi hakupaka zaidi ya hapo, aliuacha ule msingi wa hudhurungi usimame wenyewe kuwa ukuta na kivuli. Haukupatikana hata mchoro mmoja wa karatasi unaojulikana kwa yakini kuwa wa mkono wake. Aliwasimamisha watu hai mbele yake, akakwaruza mistari michache katika rangi mbichi ili ajue kichwa kikae wapi na mkono ukae wapi, kisha akachora.

Mtunzi wa mashairi hawezi kutazama kazi hiyo asifahamiane nayo. Mizani na vina ni vichache, na mengi mtunzi huyaacha nje ya ubeti; msikilizaji mwenye akili huyatimiza mwenyewe. Kunena kote ni kazi ya dalali.

Na kwa kuwa twazungumza habari za nuru, haifai kumsahau mwanachuoni wetu Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra karibu na mwaka 965 na kufa Cairo karibu na mwaka 1040. Huyo ndiye aliyeeleza katika kitabu chake kikubwa, Kitab al-Manazir, kwamba jicho halitoi miale kwenda kukigusa kitu, bali nuru hutoka kwenye kitu ikaingia jichoni. Aliweka taa mbele ya tundu la chumba cha giza, akaangalia jinsi nuru ya kila taa inavyoangukia mahali pake ukutani pasi na kuchanganyika na ya mwenziwe. Kitabu hicho kilifasiriwa kwa Kilatini, na mwaka 1572 kikapigwa chapa mjini Basel. Caravaggio wakati huo alikuwa mtoto mchanga. Sisemi kwamba alikuja kukisoma. Nasema kwamba Ulaya aliyokulia ilikuwa imekwisha jifunza kuitazama nuru kwa kufuata njia iliyochongwa na Mwarabu wa Basra.

MTU MWENYEWE

Alizaliwa tarehe 29 Septemba mwaka 1571 mjini Milano. Akiwa mtoto wa miaka sita tauni ilimchukua baba yake. Katika miaka ya 1590 alifika Roma, na mwaka 1600 akapata sifa kubwa kwa picha alizochora kwa kanisa la Wafaransa mjini humo. Maaskofu na matajiri wakawa wanagombea kazi yake.

Hapa mwenyeji wa Mombasa na akumbuke jambo. Caravaggio alipokuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mjenzi mwingine kutoka Milano, Giovanni Battista Cairati, ndiye aliyewachorea Wareno ramani ya Fort Jesus, ngome iliyoanza kujengwa mwaka 1593 pale mlangoni mwa bandari yetu. Basi wakati mtu mmoja wa Milano akifanya kazi kwa rangi, mwenziwe alifanya kwa mawe ya matumbawe ya kwetu, na wote wawili waliishi katika dunia ile ile ambamo Wakristo na Waislamu walikuwa wakipigania bahari.

Lakini Caravaggio alikuwa na balaa la tabia. Alitembea na upanga kiunoni, mwepesi wa kukasirika, na jina lake lilikuwa halibanduki katika madaftari ya polisi wa Roma. Tarehe 28 Mei mwaka 1606 alipigana na mtu aitwaye Ranuccio Tomassoni akamuua. Alitoroka kabla hajakamatwa, naye akahukumiwa kifo hali hayupo. Akakimbilia Napoli, na mwezi Julai mwaka 1607 akafika Malta. Kichwa chake mwenyewe kilikuwa na hukumu juu yake. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyeombwa achore kukatwa kwa kichwa cha mtu asiyekuwa na hatia.

KISIWA CHENYEWE

Malta ilikuwa chini ya watawala Waislamu tangu mwaka 870 hadi Wanormani walipoiteka mwaka 1091. Athari haikufutika. Nilipojaaliwa kufika Valletta nilikaa mkahawani nikawasikiliza watu wakihesabu fedha, nikajiona kama niko Mji wa Kale: sita kwao ni sitta, na saba ni sebgħa. Mungu humwita Alla, nao ni Wakatoliki tangu babu na babu. Mfungo wao wa Kwaresima huuita Randan, neno lililotokana na Ramadhani. Na mji wao mkuu wa zamani waitwa Mdina.

Waliokitawala kisiwa hicho zama za Caravaggio walikuwa askari watawa wa Jumuiya ya Mtakatifu Yohana. Watu hao Sultan Suleiman aliwatoa Rhodes mwaka 1522, na mwaka 1530 wakapewa Malta. Mwaka 1565 majeshi ya Sultan yakakizingira kisiwa tangu mwezi Mei hadi Septemba, lakini hayakuweza kukichukua. Vita vilikuwa vikali pande zote mbili, na husimuliwa kwamba mkuu wa Malta aliamuru vichwa vya mateka Waislamu vitiwe katika mizinga vikarushwe kwa wenzao. Baada ya vita hivyo ndipo ulipojengwa mji wa Valletta.

Kazi ya askari hao ilikuwa kwenda baharini kuteka vyombo vya Waislamu. Waliotekwa walifanywa watumwa, wakafungwa katika makasia ya merikebu au wakauzwa mjini. Nao Waislamu wa Algiers na Tunis wakifanya vivyo hivyo kwa Wakristo. Nasi wa pwani hii tusijitie uadilifu katika jambo hilo, kwani hapa kwetu utumwa haukuondolewa katika sheria mpaka mwaka 1897 kule Unguja, na mwaka 1907 katika mwambao wa Kenya. Biashara ile ilikuwa na mikono ya kila dini.

Chumba chenye picha yetu kilikuwa mahali pa kufundishia vijana walioingia katika Jumuiya ile. Walikaa wakaitazama, wafahamu kuwa na wao huenda wakatakiwa kufa kama alivyokufa mwenye jina la Jumuiya yao. Kisha wakapelekwa baharini kuwinda watu.

SAINI KATIKA DAMU

Mkuu wa Malta, Alof de Wignacourt, alimpenda mchoraji. Aliomba ruhusa kwa Papa ili mtu mwenye damu mikononi apate kuingizwa katika Jumuiya, na tarehe 14 Julai mwaka 1608 Caravaggio akavikwa msalaba. Giovanni Pietro Bellori, aliyeandika habari za maisha yake mwaka 1672, asema kwamba Mkuu huyo alimtunuku pia mkufu wa dhahabu na watumwa wawili.

Nilisoma habari hiyo nikasita. Watumwa wawili! Bellori hakuwataja majina. Kwa kuwa watumwa wa Malta wakati ule wengi walikuwa Waislamu waliotekwa baharini, yamkini hao nao walikuwa katika ndugu zetu, na yamkini jina la Yahya walilijua kama walijualo watoto wa vyuoni kwetu. Yule bwana aliyeweza kuwatia wafungwa wawili dirishani, akazipa nyuso zao nuru kidogo ili tusiwasahau, nyumbani mwake mwenyewe alipokea binadamu wawili kama mtu apokeavyo kanzu.

Sasa itazame damu. Kutoka shingoni mwa Nabii imetiririka ardhini, na katika damu hiyo hiyo, kwa rangi ile ile nyekundu, mchoraji ameandika jina lake: f. Michelang..., ile herufi ya mwanzo ikiwa ni ufupisho wa neno "ndugu" kwa mtindo wa watawa. Katika picha zake zote tunazozijua, ni hii peke yake aliyoitia saini. Wapo wasemao alikuwa akijivunia cheo chake kipya. Wapo wasemao alikuwa akikiri mbele ya Mungu ile damu ya Roma. Mimi naona maana zote mbili zaweza kukaa katika moyo mmoja, kwani majivuno na majuto hulala kitanda kimoja mara nyingi kuliko tupendavyo kukubali.

Cheo hakikudumu. Mwezi Agosti mwaka ule ule aliingia katika ugomvi ambao askari mmoja wa daraja kubwa alijeruhiwa. Akatiwa katika ngome ya St. Angelo, na mwezi Oktoba akatoroka kwenda Sisilia. Tarehe 1 Desemba mwaka 1608 Jumuiya ilikutana ikamfukuza, ikasema ni kiungo kilichooza na kunuka. Kikao hicho kilifanyika katika chumba kile kile, chini ya picha ile ile, na jina lake likiwa limeandikwa mbele ya macho yao katika damu ya Yahya.

Aliishi mwaka mmoja na nusu hivi baada ya hapo. Katika miaka yake ya mwisho alichora Nabii Daudi ameshika kichwa cha Jaluti, na kichwa hicho cha Jaluti, kama walivyoandika watu wa kale, alikipa sura yake mwenyewe. Mwezi Julai mwaka 1610, akiwa njiani kurudi Roma kwa matumaini ya msamaha, alikufa Porto Ercole. Umri wake ulikuwa miaka 38. Baadaye sifa yake ilififia, mpaka karne ya 20 wanachuoni walipoifufua, na maonyesho makubwa yaliyofanywa Milano mwaka 1951 yakamrudisha mbele ya watu.

ALIYEAMURU HAYUMO

Kisa cha kuuawa kwa Yahya hakimo ndani ya Qur'ani. Humo, katika Sura ya Maryam, twasoma kuhusu kuzaliwa kwake kwa wazazi wazee, hekima aliyopewa angali mtoto, na amani iliyowekwa juu yake. Kuuawa kwake kwatajwa katika Injili, ambamo Herode alimwahidi msichana aliyecheza mbele ya wageni, naye kwa shauri la mama yake akaomba kichwa katika sinia. Mwanahistoria wa Kiyahudi Josephus asema Herode alichelea jinsi watu walivyomfuata Yahya, akamfunga katika ngome ya Machaerus, ambayo leo ni nchi ya Jordan. Nao wapokezi wa visa vya Mitume wa kwetu wana simulizi ya mfalme aliyetaka kuoa mwanamke asiyemhalalikia, na Yahya akamkataza. Masimulizi yatofautiana, lakini yote yakutana hapa: mtu alinena mbele ya mwenye nguvu neno ambalo mwenye nguvu hakutaka kulisikia.

Basi mtafute Herode katika picha. Hayumo. Mtafute yule mama. Hayumo. Wako karamuni mahali pengine, wanakula. Waliomo ni watu wadogo, kila mmoja na sehemu yake ndogo. Mkuu wa gereza hakumgusa mtu, yeye kanyoosha kidole tu. Mkata vichwa hakuhukumu, yeye kaajiriwa. Msichana hakushika upanga, yeye kashika beseni. Wafungwa hawana la kufanya, wamo ndani ya nondo, nao watazama kwa kuwa leo si zamu yao. Kila mmoja wao akiulizwa ana jawabu, na majawabu yao yote yakikusanywa Nabii wa Mungu yuko chini amechinjwa.

Na yule niliyeahidi kumrudia ni mwanamke mzee. Sisi tumefundishwa kwamba uovu ukionekana uondolewe kwa mkono. Asiyeweza, kwa ulimi. Asiyeweza, auchukie moyoni, na hiyo ndiyo daraja dhaifu kabisa ya imani. Mkono hana, ulimi haukusaidia, amebaki na moyo na mikono aliyojishikia kichwa. Nuru ya picha haikumpita. Caravaggio, aliyekuwa na kosa la damu na aliyepokea watumwa, alijua hata hivyo kwamba huzuni ya mama huyo haikupotea bure, naye aliiweka mahali ambapo sisi twaiona baada ya miaka mia nne.

Je, yafaa kujifunza kwa mtu wa namna yake? Wapo watakaosema hapana, na hoja yao nzito. Mimi nasema kweli haitoki kwa mwenye kuinena, ina Mwenyewe. Tukiwa tutaikataa kila kazi iliyofanywa na mkono wenye dhambi, hata Fort Jesus hatutaingia, wala vyombo vingi vilivyojengwa kwa jasho la watumwa hatutavisifu. La muhimu ni tusitie kivuli mahali palipo na nuru ili tumpendeze mtu, wala tusitie nuru mahali palipo na kivuli ili tumsitiri. Katika usiku niliorudi kutoka kuitazama nilitunga ubeti huu:

Kiza kikitanda sana, nuru haba hung'ariza,
Jicho hutaka kuona, moyo nao wauliza,
Ni nani aliyenena, hali wengi wanyamaza,
Nuru haiwi ya jana, hata kikizidi kiza.

Mjini Damascus, ndani ya Msikiti Mkuu wa Bani Umayya, uliojengwa zama za Khalifa al-Walid mwanzoni mwa karne ya 8, pana kaburi linaloaminiwa kuwa na kichwa cha Nabii Yahya. Waislamu hulizuru, na Wakristo pia. Mwezi Mei mwaka 2001 Papa John Paul wa Pili aliingia msikitini humo, Papa wa kwanza kujulikana kuingia katika msikiti, akasimama mbele ya kaburi hilo. Pale hapana picha. Pana pazia, marumaru, na watu wanaoomba dua. Malta pana picha na hapana kaburi. Kila umma umemkumbuka kwa njia yake, na Herode hakumbukwi ila kwa sababu yake.

Mwenye kujaaliwa kufika Valletta na akate tikiti aingie. Asimame mbali kwanza, auangalie ule ukuta mtupu kabla hajawaangalia watu. Na akitoka nje kwenye jua, akielekea bandarini ambako merikebu za makasia zilikuwa zikitia nanga, basi awasomee Fatiha wale watumwa wawili ambao majina yao hayakuandikwa na yeyote, si kwa wino wala kwa damu.